Nimekimbia kipigo lakini ananifuata. Je, mahakama inaweza kumzuia kabla ya talaka?

Shikamoo Mama,

Nina miaka 34, watoto wawili, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 4. Tulifunga ndoa kanisani. Mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi na watu wanamheshimu. Duka hilo mimi ndiye niliyekuwa nalifungua asubuhi, napokea mzigo, naandika daftari la madeni. Mshahara sikuwahi kupewa wala sikuwahi kuuliza, nilijua ni mali yetu. Tumejenga, lakini hati ya kiwanja ina jina lake peke yake.

Kipigo kilianza nikiwa na mimba ya mtoto wa pili. Kwanza lilikuwa kofi, akaomba radhi. Baadaye hata kuomba radhi akaacha. Mwaka jana alinikaba shingo mpaka nikaona giza. Nilipozinduka alikuwa amekaa kitandani anachezea simu. Sikwenda polisi. Hospitali nilienda baada ya siku mbili, nikasema nimeanguka bafuni.

Mwezi uliopita nilipeleka shauri kwenye baraza la usuluhishi la kanisa, nikitaka ile karatasi ya kwenda nayo mahakamani. Siku ya kikao alikuja na suti, akalia mbele ya wazee, akapiga magoti. Mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, mwanaume akilia hivi amebadilika." Wakatuombea, tukarudi nyumbani kwa gari moja. Usiku uleule alinipiga kwa mkanda, eti nimemwaibisha mbele za watu. Asubuhi nikatoka na yule mdogo. Mkubwa alikuwa ameshakwenda shule, yuko na baba yake mpaka leo.

Sasa nipo kwa kaka yangu. Mume wangu anakuja kusimama nje ya geti. Anapiga simu usiku kucha. Amenitumia ujumbe, "Utarudi kwa miguu yako au utaletwa." Anasema nimeondoka mwenyewe, kwa hiyo nyumba nimepoteza na watoto nimepoteza, na nyumba anaiuza. Kituo cha polisi cha karibu nilienda, askari wa kaunta akasema haya ni mambo ya ndani, nirudi na mume wangu tuyaongee. Mama yangu anasema nivumilie, ndoa ina mitihani. Kaka yangu anasema twende tukamvunje miguu. Wazee wa kanisa wanasema baraza bado halijamaliza kazi, tuje tena baada ya Pasaka, na nimeambiwa bila karatasi yao mahakama haipokei kesi yangu.

Nilisikia redioni kwamba mahakama inaweza kutoa amri mtu asikusogelee. Hiyo ipo kwetu au ni ya nchi za watu? Naipataje wakati talaka bado? Na Mama, sitaki afungwe. Ni baba wa watoto wangu na ndiye anayelipa ada. Amenipigia tena, anasema Jumapili nije nyumbani peke yangu nichukue nguo na vyeti vyangu, tuongee kama watu wazima. Niende?

Mama wa Wawili, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Jumapili usiende. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri siku mbili tatu, hilo haliwezi. Mtu aliyekukaba mpaka ukapoteza fahamu, akakutumia ujumbe kwamba "utaletwa", sasa anakutaka peke yako, ndani ya nyumba, siku ambayo majirani wako kanisani. Vyeti vinapatikana upya. Nguo zinashonwa. Kama ni lazima uvichukue, utakwenda na askari au mwenyekiti wa mtaa, kwa siku na saa mtakayopanga ninyi.

Hilo la shingo umeliandika kama tukio moja kati ya mengi. Mimi nililisoma mara mbili. Wanaochunguza mauaji yanayofanywa na wenza wanalijua vizuri: mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzake yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuuawa na mwenzake huyohuyo kuliko aliyepigwa kwa namna nyingine. Na kipindi ambacho hatari hupanda ni hiki ulichomo, ambapo mwanamke ameshaondoka na mume anaona kamba imemkatikia mkononi. Sikwambii haya ili usilale. Nakwambia ili uache kusubiri Pasaka.

Umeshauriwa kana kwamba usalama wako ni sehemu ya talaka, kwamba kwanza baraza, halafu karatasi, halafu kesi, halafu hukumu, halafu ndipo uwe salama. Sheria yetu haikuviweka hivyo. Kinga unaweza kuiomba sasa, na talaka ikaja kwa wakati wake, au isije kabisa ukibadili mawazo.

Niijibu redio yako. Uganda walitunga sheria ya ukatili wa nyumbani mwaka 2010 na Kenya mwaka 2015, na kule mtu anaweza kwenda mahakamani kuomba amri ya ulinzi hata kama hana kesi yoyote ya ndoa. Huenda ndiyo uliyoisikia. Sisi Tanzania Bara hatuna sheria moja ya namna hiyo, na mimi ni mmoja wa wanaoona kwamba tumechelewa mno. Lakini hatuko mikono mitupu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29, inaipa mahakama uwezo wa kumwamuru mtu asimlazimishe mwenzi wake kuwa naye na asimsumbue kwa namna yoyote. Amri hiyo inatolewa wakati shauri la ndoa likiendelea, au baada ya mahakama kuamuru mtengane au kuvunja ndoa yenu. Ndilo zuio lenyewe. Limeandikwa kwa maneno machache, wengi hawalijui, na mawakili wengine hawakumbuki kuliomba.

Hapo utaniuliza: shauri la ndoa nitalifunguaje, na karatasi ya baraza sina?

Hapa ndipo nataka usome taratibu, ikibidi umsomee na kaka. Kifungu cha 101 kinasema hakuna mtu atakayeomba talaka mpaka baraza la usuluhishi lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kinachotajwa pale ni talaka. Kutengana hakumo. Sheria inamruhusu mwanandoa kufungua shauri la kutengana kwa sababu ndoa imevunjika, bila ile karatasi, na bila hata kungoja miaka miwili ya ndoa ambayo wanaoomba talaka wanapaswa kuingoja. Shauri la kutengana likishafunguliwa, hilo ni shauri la ndoa, na ndani yake unaomba zuio. Unaomba matunzo. Unaomba kukaa na watoto. Hata mgawanyo wa mali mahakama inaweza kuufanya inapotoa amri ya kutengana. Karani akikuuliza fomu ya baraza iko wapi, mjibu kwa adabu kwamba hujaja kuomba talaka. Akikusukuma, omba kumwona hakimu.

Ukitaka kuomba talaka moja kwa moja, upo mlango wa pili. Kifungu hichohicho cha 101 kimeweka hali ambazo mtu hahitaji kupita barazani: mwenzi ametoweka hajulikani alipo, anaishi nje ya nchi, ameitwa barazani akakataa kwa makusudi, na nyingine. Ya mwisho ni pale mahakama inaporidhika kwamba kuna mazingira yasiyo ya kawaida yanayofanya kwenda barazani kusiwezekane. Mwanamke aliyepigwa mkanda usiku wa siku ya kikao, kwa sababu ya kikao, ana la kusema hapo. Lakini hiyo inategemea hakimu ataona nini, na ndiyo maana mimi ningeanza na kutengana.

Wazee wa kanisa sitawasema vibaya. Walifanya walichofundishwa kufanya, kupatanisha. Ila waliona machozi na hawakuuliza swali hata moja lililohitaji kujibiwa na wewe ukiwa peke yako. Kama baadaye utarudi barazani kwa ajili ya talaka, omba usikilizwe chumba tofauti, na ueleze kwa maandishi kilichotokea baada ya kikao cha kwanza. Kwa kawaida wakili haruhusiwi kukuwakilisha pale, lakini ndugu wa familia anaweza kusimama kwa ajili yako. Na si lazima liwe baraza la kanisa. Hata baraza la kata hufanya kazi hiyo. Wakikupa karatasi usiiweke sandukuni, kwa sababu mahakama inataka iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kufungua kesi.

Sasa polisi. Askari wa kaunta alikosea. Kanuni ya Adhabu inaposema kumshambulia na kumdhuru mtu ni kosa, haikuandika "isipokuwa mkewe". Na Sheria ya Ndoa, kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata mila iseme nini. Hayo yaliandikwa mwaka 1971, pengine yule askari alikuwa hajazaliwa. Rudi kituoni na mtu mzima mmoja, uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Kituo kikiwa hakina dawati, omba kumwona mkuu wa kituo au nenda kituo kikubwa cha wilaya. Toa taarifa zote mbili, ya mkanda na ya vitisho, na usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi. Omba PF3, fomu ya polisi ya matibabu, uende nayo hospitali siku hiyohiyo, maana alama za mkanda hazidumu. Baadhi ya hospitali kubwa zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ofisa ustawi wa jamii wanakuhudumia mahali pamoja, na hukai ukirudia hadithi yako kwa kila mlango.

Daktari mweleze pia habari ya kukabwa, ingawa ni mwaka jana. Sauti kukwaruza, shida ya kumeza, maumivu ya kichwa yasiyoisha, kusahau sahau, yote uyataje. Kukabwa kunaweza kuumiza ndani bila kuacha hata mkwaruzo nje. Na lile faili linalosema ulianguka bafuni usiliogope. Katika kiapo chako, yale maelezo ya maandishi utakayoyaapia kwa ajili ya mahakama, andika ukweli: nilisema nimeanguka kwa sababu nilikuwa narudi kulala nyumba moja na aliyenikaba. Mahakimu wamesikia habari za bafuni nyingi kuliko unavyodhani.

Unasema hutaki afungwe. Nakuelewa, na sitakucheka kama wengine wanavyowacheka wanawake wanaosema hivyo. Ila tenganisha mambo mawili. Ukifungua jalada la jinai polisi, kesi ikifika mahakamani inakuwa ya Jamhuri; wewe ni shahidi, na kuifuta si uamuzi wako peke yako. Zuio la mahakama katika shauri la ndoa ni jambo la madai. Halimpeleki mtu jela kwa kutolewa tu. Linamwambia kaa mbali, na akikaa mbali hapotezi hata siku moja ya kazi dukani kwake. Akilivunja, hapo anakuwa amedharau amri ya mahakama na anaweza kuadhibiwa kwa hilo, lakini atakuwa amejipeleka mwenyewe. Katikati ya hizo mbili lipo jambo lingine: sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai inampa hakimu uwezo wa kumtaka mtu anayetishia kuvunja amani atie saini dhamana ya kutunza amani. Dawati wakikuambia ushahidi wa kipigo bado hautoshi, waulize kuhusu hiyo. Kwa vitisho ulivyonavyo kwenye simu, ina pa kusimamia.

Ukiniuliza mimi ningefanya lipi, ningefanya yote. Taarifa polisi, kwa sababu RB na PF3 ndizo zitakazobeba maombi yako ya zuio. Na shauri la kutengana Mahakama ya Wilaya, ingawa sheria inaruhusu hata Mahakama ya Mwanzo. Maombi ya dharura yamezoeleka zaidi pale wilayani.

Maombi yenyewe yanakwenda hivi. Pamoja na shauri la kutengana unawasilisha maombi madogo kwa hati ya dharura, yakiambatana na hati ya kiapo. Hati ya dharura inamwambia hakimu kwamba jambo hili halingoji foleni. Hakimu anaweza kusikiliza upande mmoja kwanza na kutoa amri ya muda, kisha mumeo aitwe ajibu, na baada ya kuwasikia wote amri iendelee au iondolewe. Katika kiapo usiandike "amekuwa akinitesa kwa muda mrefu". Hakimu hana la kufanya na sentensi hiyo. Andika tarehe, mahali, alichokufanyia, nani aliona, ulikwenda wapi baada ya hapo. Tarehe usiyoikumbuka andika kipindi: wiki ya mitihani ya mtoto, mwezi wa nane. Matukio matatu yaliyoelezwa vizuri yana uzito kuliko ishirini yaliyorundikwa.

Na omba vitu vinavyotajika. Wengi huomba "asinisumbue", halafu mtu anasimama nje ya geti anasema hajasumbua mtu, amesimama barabarani ambayo ni ya umma. Wewe omba asifike kwa kaka yako wala karibu na geti lake, asifike utakapokuwa unafanya kazi, asikupigie wala kukutumia ujumbe, yeye mwenyewe au kwa kumtumia mtu mwingine. Omba ruhusa ya kuchukua vitu vyako ukiwa na askari. Omba asiuze nyumba wala kuiwekea rehani mpaka shauri liishe.

Ujumbe wake usifute hata mmoja, hata ule wa kukutukana unaokuaibisha. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu unapokelewa kama ushahidi ilimradi ionekane ulikotoka na kwamba haujachezewa. Kwa hiyo simu yenyewe itunze, usibadilishe ukatupa ya zamani. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba na tarehe, umtumie mtu unayemwamini. Kisha kagua hiyo simu: kama aliwahi kuishika na kujua namba ya siri, badilisha, zima kushiriki mahali ulipo, badilisha na namba ya siri ya pesa za simu. Wanawake wengine wanahama mkoa mzima huku simu inamwambia mume walipo.

Usimpigie wewe. Usimjibu kwa hasira, usimjibu kwa huruma. Nimeona zuio zuri likifa kwa sababu mke aliyeliomba alimwita mume usiku aje amtazame mtoto anayeumwa, na kesho yake mume akalipeleka hilo kwa hakimu. Mtoto akiumwa, kaka yako ndiye atakayempigia.

Nyumba. "Umeondoka mwenyewe, umepoteza" ni maneno ya mitaani. Kutelekeza kunakozungumzwa kwenye Sheria ya Ndoa ni kumwacha mwenzi kwa kukusudia kwa muda usiopungua miaka mitatu. Aliyekimbia mkanda hajatelekeza mtu. Jina moja kwenye hati nalo halimalizi mambo. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja katika kupata mali, wa fedha, wa mali au wa kazi, na tangu mwaka 1983 Mahakama ya Rufani katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Bi Hawa mwenyewe, kwa mambo ya kesi yake, hakuambulia kitu, lakini mlango alioufungua wamepita wanawake wengi. Wewe una zaidi ya kazi za nyumbani. Umefungua duka, umepokea mzigo, umeandika daftari la madeni. Mwandiko wako kwenye lile daftari ni ushahidi; kama una picha zake kwenye simu, zitunze. Wasambazaji waliokuwa wakikukabidhi mzigo ni mashahidi.

Kuhusu kuuza, usingoje usikie dalali anapita. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, na kama kiwanja kina hati iliyosajiliwa, unaweza kuweka pingamizi kwa Msajili wa Hati ili mnunuzi aone kuna mtu mwingine mwenye maslahi. Mwandikie barua na mwenyekiti wa mtaa, maana mauziano mengi hupita mezani kwake. Mahakama pia ina uwezo wa kuzuia, na hata kutengua, mali inayohamishwa kwa nia ya kukukwepa.

Watoto ndiyo sehemu ngumu, na hapa sitakuahidi kitu. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 7, sheria inaanza kwa kuchukulia kwamba ni vizuri akae na mama, ingawa baba anaweza kuleta sababu za kupinga. Huyo wa miaka 4 yuko upande huo. Wa miaka 9 atasikilizwa, na hakimu ataangalia maslahi yake kwanza: shule, usalama, alichokiona. Usiende kumnyakua shuleni. Najua unalitamani. Ukifanya hivyo, wewe ndiye utakayeonekana wa kuzuiwa. Nenda Ustawi wa Jamii wa halmashauri, ueleze kwamba mtoto yuko na mtu aliyekupiga, waombe waende kumwona na kuandika taarifa. Mwone na mwalimu mkuu, mpe nakala ya RB, muelewane nani anaruhusiwa kumchukua mtoto. Akiwa naye anapigwa, mtu yeyote anaweza kupiga 116, namba ya kusaidia watoto, bure. Ada isikufunge mdomo: kumtunza mtoto ni wajibu wa baba, akiwa na mama yake au asiwe naye, na mahakama inaweza kumwamuru alipe kabla shauri halijaisha.

Kuna jambo jingine nalisema kwa sauti ya chini kwa kuwa halisemwi. Sheria yetu ya makosa ya kujamiiana, ya mwaka 1998, haimtambui mke anayeishi na mumewe kama mtu anayeweza kubakwa naye. Ni pengo la aibu. Lakini mke aliyetengana na mumewe inamtambua. Hata kwa hilo peke yake, amri ya kutengana si karatasi ya bure.

Mama yako usigombane naye. Alivumilia yake, na kukuambia uondoke kungekuwa ni kujiuliza yeye mwenyewe kwa nini alibaki. Kaka yako mshukuru kwa paa alilokupa, kisha mkataze kabisa hiyo habari ya miguu. Siku atakapomgusa mumeo, atakayelala mahabusu ni kaka, na mumeo ndiye atakayekuwa na PF3. Mpe kazi nyingine: aandike kila siku mumeo anaposimama getini, tarehe na saa, na majirani waliomwona. Huyo ndiye shahidi wako wa kwanza.

Wanaume wanaosoma hapa, na najua mpo: sheria inasema mwenzi, haikusema mke. Mume anayepigwa, au anayefuatwa na mke waliyeachana, anaomba zuio hilihili kwa njia hiihii. Na aliyepewa zuio la uongo ana siku yake ya kusikilizwa, ndiyo maana amri ya kwanza huwa ya muda. Waislamu nao wako chini ya Sheria ya Ndoa hiyohiyo, kwa hiyo talaka ya mdomo haimzuii mwanamke kuomba kinga ya mahakama. Wa Zanzibar ndio wenye sheria zao, haya niliyoeleza ni ya Bara.

Amri ikitoka, toa nakala nyingi. Moja kwa mkuu wa kituo na usainiwe kwamba wameipokea, moja kwa mwenyekiti wa mtaa, moja shuleni, moja kwa mlinzi wa geti kama yupo, na moja tembea nayo. Akija, usimsomee amri mlangoni. Funga, piga 112, kisha ripoti mahakamani siku ya kazi inayofuata kwamba amri imevunjwa. Karatasi haizuii ngumi, na wewe bado utahitaji kubadilisha njia unazopita, kumwambia jirani akisikia kelele afanye nini, na kuwa na mahali pa pili pa kulala ambapo yeye hapajui. Lakini tangu siku hiyo askari wa kaunta hawezi tena kukuambia ni mambo ya ndani, kwa sababu yameshatoka nje na yana muhuri.

Fedha ya wakili kama huna, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria na mashirika yanayohudumia wasio na uwezo bila malipo, na Chama cha Wanasheria Wanawake (TAWLA) na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake (WLAC) wamefanya kazi hii kwa wanawake kwa miaka mingi. Ofisa Ustawi wa Jamii atakuonyesha walio karibu nawe. Uende na cheti cha ndoa, au barua ya kanisa inayothibitisha ndoa ikiwa cheti kimebaki kwa mumeo. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto au hata kadi zao za kliniki. RB, PF3, hiyo simu, na kaka yako. Anza na polisi na hospitali kesho asubuhi, mahakamani nenda mara tu utakapokuwa na hizo karatasi mbili mkononi. Ujumbe wa Jumapili usiujibu, uupige picha kama mingine.